Kuba la Maktaba na Viti Viwili

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi. Kamati ya maktaba ya kale imeikubali ripoti yangu. Niliwaonyesha kuba kwenye kompyuta, jekundu kama nyanya. Mwenyekiti akauliza wekundu ndio nini. Nikasema ndipo mawe yanapovutana hadi kuachana. Akatazama nyufa za juu, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, akaamuru maktaba ifungwe. Sasa baba mkwe ataniheshimu. Miaka yote ananiita Bwana Vipimo, tena mbele ya watu.

Jumanne, 4 Machi
Kuna jambo sikulifikiria. Baba mkwe hushinda maktabani, chini ya kuba, kando ya kiti alichokuwa akikalia marehemu mkewe. Leo kakuta kufuli, kaja kwetu. Amekalia kiti changu. Hasomi, anatazama ukuta. Mke wangu kaniuliza kama nimeridhika. Nikasema ni usalama wa umma. Chai imekuja bila sukari.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji, mdogo wa mke wangu, naye ni mhandisi. Bahati mbaya. Kauning'iniza mkufu wake ukutani kwa ncha zote mbili, kautundikia funguo zangu kuwa ndio uzito wa mawe, kisha kaupachika nyuma yake mchoro wangu wa kuba, juu chini. Mkufu ukapita ndani ya unene wa mawe mwanzo hadi mwisho. Akasema mkufu ukibaki ndani ya mawe kuba ni salama, maana kuba la mawe husimama kwa kusukumana, si kuvutana, na nyufa zile zina umri mkubwa kuliko babu zetu. Akauliza niliiambia kompyuta mawe yameshikana vipi. Nikakiri. Niliiambia ni kitu kimoja, kama chungu. Baba mkwe kacheka, mara ya kwanza tangu aje. Nimeumia.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango: kuziba ufa kwa saruji kabla shemeji hajawaona wanakamati, maktaba ifunguliwe, sifa ziwe zangu. Nilipanda ngazi alfajiri, kwa baridi, ufa ukiwa wazi. Kazi safi. Adhuhuri jua likapiga, mawe yakavimba, ufa ukataka kujifunga kama kawaida yake. Saruji ikagoma. Jiwe likameguka, likaangukia kiti. Cha marehemu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwomba baba mkwe radhi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliokota vipande vya kiti kimoja kimoja, akavifunga kwenye koti lake. Hajaniita Bwana Vipimo wala jina lolote. Najuta, najuta sana. Naapa sitagusa tena ufa wa mtu.

Jumatatu, 17 Machi
Shemeji kaibandua saruji yangu, kamati imemsikiliza, maktaba imefunguliwa. Baba mkwe karudi kwenye kiti chake. Pembeni yake pako wazi, ameweka koti. Nilitazama kutoka mlangoni, nikashindwa kuingia. Lazima nimfanyie jema mzee huyu. Na nimeliona: daraja la mawe analovuka kila asubuhi kwenda kusoma lina ufa. Nimeliingiza kwenye kompyuta. Jekundu lote. Bado nina nusu mfuko wa saruji. Kesho alfajiri, kabla hajapita.