Maji Yaliyokataa Kushuka

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya ishirini na mbili ya ndoa. Nikisikia tu mashine yake ya kunyolea inavuma kule kibandani, moyo unaruka. Kinyozi wangu! Wangu peke yangu!

Lakini leo nimekwisha. Mama mkwe anataka kuchimba shimo la maji machafu nyuma ya jiko. Nikamwambia amsubiri wifi, binti yake, ambaye ni mhandisi wa mazingira na anakuja Jumamosi. Mama akacheka. Akauliza asubiriwe wa nini, na injinia analala humu humu ndani?

Injinia ni mimi. Karatasi ya mshereheshaji siku ya harusi niliiandika mwenyewe: "Bibi harusi, mhandisi wa udongo." Kazi yangu ni kuosha chekeche kwenye maabara ya kupima udongo. Kidato cha nne, fizikia nilipita kwa kuponea chupuchupu. Mume wangu anajua, anasema mimi ni injinia wa moyo wake (!!!). Mama hajui, na ameshawatangazia majirani mpaka kona ya pili. Akijua, nitauweka wapi uso wangu?

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza fundi wa maabara, kijuujuu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Akasema ni rahisi: chimba kishimo, jaza maji, acha udongo ulowe hadi kesho yake. Kisha jaza tena, pima kwa rula kila nusu saa. Maji yakishuka haraka, udongo unakunywa, chimba. Yasiposhuka, tafuta pengine.

Akauliza kwa nini nataka kujua. Nikasema ni mapenzi tu. Akanitazama sana.

Nimeazima kofia ngumu bila kumsumbua mwenyewe kwa kumwomba. Inanifika puani.

Jumatano, 5 Machi

Nimechimba kishimo nyuma ya jiko. Ndoo nne za maji. Malengelenge mawili, mume wangu ameyapuliza yote mawili, moja baada ya jingine! Majirani walijipanga kwenye uzio. Mama akanitolea kiti chake cha mgongo mrefu, kile ambacho hata baba mkwe hakukikalia, akakiweka kivulini mbele ya nyumba, na chai. Akasema injinia haandiki amesimama.

Nilikaribia kulia. Kwa furaha au kwa woga, sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini nimesema kichwa kinauma. Sasa kinauma kweli.

Saa mbili, baada ya kujaza tena: sentimita thelathini. Nikazunguka mbele, nikaketi, nikaandika. Saa mbili na nusu: ishirini na tatu. Nikakunja uso. Saa tatu: thelathini! Saa tatu na nusu: thelathini. Saa nne: thelathini na moja. Yanapanda! Maji gani haya, jamani? Ile fizikia yangu ya kuponea ikaniacha njiani.

Mama akaja kuuliza udongo unasemaje. Ningesema sijui. Kinywa kikasema chini kuna chemchemi, udongo wa nyuma haufai, shimo lihamie mbele, karibu na mlango. Mbele sikupima. Rula ilikuwa nyuma.

Mama akasema angalia faida ya kusoma. Akawaita wachimbaji hapo hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Mwamba. Mita moja tu kutoka mlangoni, mwamba kama meza. Sururu mbili zimevunjika mipini. Maua ya Mama yamekwisha, kizingiti kimepasuka. Mama sasa anaingia kwake kupitia jikoni, kama mgeni asiyetakiwa.

Jioni mume wangu akalalamika bega. Nikauliza bega la nini. Akasema la ndoo. Ndoo gani? Akaeleza, uso umejaa huruma, kwamba jana aliniona nimekunja uso maji yaliposhuka, akadhani ndiyo yananisikitisha. Basi kila nilipozunguka kwenda kuandika, yeye alijaza. Hakutaka mke wake ahuzunike.

Nani anaweza kumkasirikia mwanamume kama huyu? Nilimkasirikia dakika nne. Kisha nikamkanda bega.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi amefika. Akasimama ukingoni mwa shimo la mlangoni. Akaenda nyuma, akamwaga ndoo kwenye kishimo changu, akaagiza chai. Kabla hajaimaliza, kishimo kilikuwa kikavu.

Akasema, "Haya, injinia wetu, hebu tueleze."

Nikaeleza. Karatasi ya harusi, chekeche, yote. Mama akanyanyua kile kiti, akakirudisha ndani. Kupitia jikoni.

Heri angenitukana.

Wifi akasema, "Sikiliza, wifi. Kuosha chekeche si aibu. Mimi nilianza kwa kuwashikia watu kamba ya kupimia. Aibu ni kumfungia mama yangu nje ya mlango wake." Kisha akatoa kwenye mkoba fomu ya chuo cha ufundi: cheti cha ujenzi, wanaofanya kazi tayari hupewa nafasi. Akasema niandike ukweli, ukweli mtupu. Nikaapa.

Jumapili, 9 Machi

Tumefukia shimo la mlangoni wawili, mimi na kipenzi changu, koleo kwa koleo. Kila tulipogongana mikono tulicheka. Mama alikuwa akitazama dirishani. Nilipomwambia najaza fomu ya chuo, alifunga pazia. Lakini nilipogeuka kiti kilikuwa pale kivulini.

Nimekikalia. Nimejaza.

Kazi ya sasa: Mhandisi Mkuu wa Udongo.

Uzoefu: miradi miwili ya mashimo, mmoja nyuma, mmoja mbele.

Mdhamini: mume wangu, mtaalamu wa maji.

Amesoma, machozi yakamlengalenga. Amesema imebaki kubandika picha tu. Basi ile kofia ngumu sirudishi kesho.

Nitaisukuma nyuma kidogo, uso uonekane.