Namba Moja wa Nyumba Hii

Jumanne, 4 Machi

Binti yetu amejifungua! Mtoto wa kike, huko ng'ambo. Jumamosi saa kumi jioni tutamwona mjukuu kwa video. Mke wangu amelia, mama mkwe amelia, mimi nimeingiwa na kitu jichoni. Tatizo ni waifai yetu, kile kisanduku chake, ruta, kinajikongoja. Mke akasema tumwite shemeji, mdogo wake, anayejiona bingwa wa kompyuta. Nikakataa katakata. Mjukuu wangu, ruta yangu, nitairekebisha mwenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta. Lahaula! Kumbe kila kifaa humu ndani kina namba yake, na ruta inazigawa kiholela, anayewahi ndiye anayepata. Televisheni namba tatu, simu ya mama mkwe namba tisa! Televisheni inamtangulia mama wa watu! Ndiyo maana mtandao hauna adabu. Nimeuzima ugawaji huo. Kuanzia sasa namba nagawa mimi, kwa heshima na umri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepitia simu moja moja, naziandikia namba kwa mkono. Mama mkwe namba mbili. Amefurahi mno, kaniombea dua, kauliza kama atapewa kadi. Mke namba tatu. Akanuna, eti kwa nini si mbili. Nikamwambia akamuulize mama yake. Televisheni ishirini, ikome. Na mimi, kichwa cha nyumba, kompyuta yangu namba moja. Nani mwingine? Kompyuta ikatoa onyo refu. Nimelifunga bila kulisoma. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtandao hakuna. Hakuna kabisa! Nataka kurudi kwenye mipangilio ya ruta, haifunguki. Mke akauliza kulikoni. Nikasema namba bado zinazoeana. Mama mkwe akasema, kwa sauti ya upole, kwamba alipokuwa namba tisa alikuwa anaona vizuri tu. Maneno hayo yamenichoma. Ameshapiga pasi gauni la kumwonea kitukuu chake. Lile la bluu, la siku kubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tisa alasiri, bado. Mama mkwe ameketi kwenye kochi na gauni lake, simu mapajani, haulizi kitu. Heri angenigombeza! Nimeshindwa. Nimempigia shemeji.

Kaja mbio, kaangalia, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kumbe namba moja ni ya ruta yenyewe. Kila simu ikitaka kutoka nje inamtafuta namba moja afungue njia, na nyumba nzima imekuwa ikinibishia hodi mimi, nisiyejua hata mlango uko wapi. Akanihamishia namba hamsini. Hamsini! Chini ya televisheni! Alitaka kurudisha ugawaji wa zamani, lakini mama mkwe aligoma kuiachia namba mbili yake, basi zilizobaki akaziacha zilivyo.

Saa kumi, mjukuu huyo hapo. Pua kama yangu kabisa! Alipiga miayo, sote tukapiga kelele kama kafunga bao. Mama mkwe alimshika kwa kidole kwenye kioo, hakutaka kukitoa. Nimelia waziwazi, shemeji akiona, na aone.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Mpango wangu haukuwa na kasoro, ni ile namba moja tu. Na mjukuu naye ni mtu wa nyumba hii, lazima awe na namba ya heshima. Nimemtengea namba mbili, atashirikiana na mama mkwe. Kwa kuwa bado hana simu, nimeiweka kwenye kompyuta yangu, namshikia. Onyo limetokea tena. Nimelifunga.

Mama mkwe anaita kutoka sebuleni, alikuwa anaongea na mtoto, eti picha imeganda. Nimemwambia ni mawingu.