Vuta Pumzi, Ishike

Jumatatu, 3 Machi

Imetangazwa! Leo mwalimu wa fizikia amesema chuo cha wapiga picha za eksirei, kile chenye geti la bluu nyuma ya hospitali, kitachukua mwanafunzi mmoja kutoka shule yetu. Mmoja tu. Usaili Jumamosi. Nilisahau kupumua.

Hakuna anayejua kwamba hii ndiyo ndoto yangu. Ilianza nilipougua kifua nikiwa mdogo, nikaiona picha ya mapafu yangu imebandikwa kwenye kioo chenye mwanga. Mawingu mawili, na mti katikati! Nilijidhania mtoto wa kukohoa tu, kumbe ndani nina mandhari.

Na kazi yenyewe imeumbwa kwa ajili ya watu kama mimi. Chumba chenye giza kidogo. Kioo kinene cha kusimama nyuma yake. Na mifupa, ambayo haimuulizi mtu mbona umenyamaza hivyo.

Tulionyosha mikono tulikuwa wawili. Mimi (hadi usawa wa sikio) na Redio. Redio ni jirani yetu, na shuleni tunakaa dawati moja. Anaitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Akanipiga bega, akasema haya bwana, tukutane huko, ila nisije nikazimia mlangoni wakanipiga picha bure. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu.

Jumanne, 4 Machi

Balaa!

Baada ya masomo mkufunzi wa chuo alituruhusu kutazama kazi. Ni mama mmoja mrefu, miwani yake inaning'inia kwa uzi. Akamwomba mgonjwa ruhusa, akatuweka nyuma ya kioo. Nilikuwa peponi. Halafu mpiga picha wa zamu akafungua mdomo, na hakuufunga tena. Sogea mzee wangu. Kidevu juu. Mabega mbele, likumbatie bamba hili la ukutani. Vuta pumzi. Ishike. Usisogee... Haya, pumua.

Mchana kutwa anaongea! Tena na wageni! Mkufunzi akaeleza kwamba mtu akipumua mapafu yanacheza, na picha inatoka na ukungu. Akasema usaili wetu utakuwa huohuo: kumpanga mtu kwa picha ya kifua. Mashine haitapiga mionzi, itawaka taa yake tu.

Redio akajaribu papo hapo. Alivyotamka vuta pumzi, hata wagonjwa waliokaa kwenye benchi la nje walivuta.

Zamu yangu. Nikajikaza kisabuni, nikasema maneno yote, kwa mpangilio. Mkufunzi akaniuliza nitaanza lini.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango nambari moja: sauti.

Mgonjwa ni Bibi. Bamba ni sinia. Bibi akauliza anakumbatia sinia la nini. Nikamwambia ni eksirei. Akasema basi nimsubiri abadili kitambaa cha kichwa, hawezi kupigwa picha hivi hivi kama mtu aliyefukuzwa. Nikamweleza kwamba picha haitaonyesha kitambaa, itaonyesha mbavu. Akasema mbavu zake zina haya kuliko mimi.

Nikafumba macho nikapiga kelele. VUTA PUMZI! ISHIKE! Mama akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani Bibi ameanguka. Ushindi! Mama akauliza kama sauti hii ninayo, mbona wageni nawaamkia kama mtu anayemeza dawa chungu.

Jua lilikuwa linaingia dirishani. Nikainua kiganja, na vidole vikawa vyekundu, vinapitisha mwanga pembeni. Nikaiwazia mifupa yangu midogo, imelala safu safu humo kama watoto wa bweni. Hakuna aliyewahi kuwatakia usiku mwema. Nikawatakia.

Bibi akanigusa bega kwa sinia. Akaniuliza kwa ishara kama anaruhusiwa kupumua. Kumbe alikuwa bado ameishika! Midomo imebadilika rangi. Jambo dogo. Sauti ndiyo muhimu.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango nambari mbili: Redio.

Mapumziko ya saa nne nikamvuta pembeni. Nikamwambia kwa siri kwamba mkufunzi ana kichwa kibovu. Akisikia sauti kubwa kinampasuka, na aliyepiga kelele anatolewa nje palepale. Nimeutunga uongo huu mwenyewe.

Redio alinitazama sana. Nikajua nimekwisha. Kisha akanishika mkono. Akasema watu wananiona bubu, kumbe mimi ndiye rafiki wa kweli, maana mwingine angenyamaza ili apite yeye. Akavunja biskuti yake, akanipa kipande kikubwa.

Nikakila. Kilinikwama kooni hadi kipindi cha historia. Nimejifariji kwamba nitakapokuwa bingwa, Redio akivunjika popote, nitamhudumia wa kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa chini ya shuka.

Mgonjwa wa usaili alikuwa mlinzi wa geti. Ni mwanajeshi mstaafu, hupiga saluti hata mlango ukifunguliwa na upepo.

Redio alitangulia. Aliingia kwa kunyata. Akamsogelea mzee, akamwambia kwa sauti ya chini, babu, bamba lina ubaridi kidogo, nisamehe. Sasa vuta pumzi taratibu. Mzee akalainika kama nta. Redio hakumwondolea macho hata kidogo. Haya, pumua babu, asante. Mkufunzi akavaa miwani yake ili amtazame vizuri.

Mimi nikaingia kwa kishindo. KIDEVU JUU! Mlinzi akagonganisha visigino. MABEGA MBELE! Akalikumbatia bamba nusura aling'oe ukutani. VUTA PUMZI! ISHIKE! Kila kitu safi. Mabega sawa, kidevu sawa. Nikawasha taa.

Ile taa!

Mraba wa mwanga ukatua mgongoni mwake, na kivuli cha msalaba mwembamba katikati. Vumbi likawa linaelea ndani yake taratibu, kama nyota zisizo na haraka. Nikawaza, nyuma ya shati hili la kaki kuna mawingu mawili na mti. Labda chini ya mti kuna kivuli. Labda kuna mtu amekaa pale miaka yote hii, anasubiri mtu wa kumwona. Nikajiona nimevaa koti jeupe, napita kati ya vifua vya watu kama mtu apitaye bustanini asubuhi.

Mbali sana nikasikia kitu kama jani linapeperuka. Ndiye Redio, mlangoni, ananong'ona: mwambie apumue! We! Mwambie apumue! Ananong'ona! Kwa ajili ya kichwa cha mkufunzi!

Mlinzi hakulaumu. Amri ni amri. Alianza kuteremka ukutani, polepole, bamba amelikumbatia. Mkufunzi akapiga ukelele wa pumua mzee uliotikisa vioo, wala kichwa chake hakikupasuka. Mlinzi akapumua. Akapiga saluti akiwa sakafuni.

Nafasi ameipata Redio.

Mkufunzi alinitoa nje kwa upole. Akasema nijaribu tena mwakani, ila nikumbuke kwamba macho yangu yote yalikuwa kwenye taa, na mtu alikuwa mbele yangu. Nikaitikia. Hakusikia.

Jumapili, 9 Machi

Redio amepita kunishukuru. Amesema bila ushauri wangu angewika kama jogoo na kuharibu. Ameniachia paketi nzima ya biskuti. Hii haikwami.

Nimeyachambua ya jana kwa makini, kisomi. Sauti yangu: safi. Mabega, kidevu, taa: safi. Kilichoharibu ni kimoja, nacho nashangaa mkufunzi hakukiona. Mapafu ya mlinzi! Hayana mazoezi. Mwakani watatumia mlinzi yuleyule, kwa hiyo ninao mwaka mzima wa kumfunza. Kesho naanza kupita pale getini.

Leo naanza na Bibi. Alikataa, nikamwahidi biskuti, akaenda kubadili kitambaa. Sasa amesimama nyuma yangu na sinia lake, kidevu juu. Nimemwambia avute pumzi aishike, nami niandike mstari mmoja kuhusu mwezi, maana umetoka mchana huu, juu ya paa la jirani, mweupe, mwepesi kiasi cha kuonyesha mbingu nyuma yake. Unafanana na pia ya goti. Labda mbingu nayo iliwahi kuanguka, ikapelekwa kupigwa picha, na mtu fulani mpole, nyuma ya kioo kinene, akaiambia isisogee, na ikatulia hivyo hivyo, bluu yote, mpaka

Kandambili. Ya Bibi, kisogoni.

Mapafu ya Bibi nayo yanahitaji mazoezi.