Kuhusu Nywele Zangu Kuagizwa Zilale Kazini

Meza ya Mapokezi,
Kliniki ya Macho,
Mkabala na dirisha la ofisi yako.

Ndugu Meneja,

YAH: NYWELE KULALA NA MALALAMIKO KUAMKA

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu kidogo na kuna mahali imejikunja.

Mimi ni yule mfanyakazi wako wa mapokezi ambaye wenzake humwita Mwavuli. Jina hilo sikulichagua. Nilipewa na mlinzi wetu siku moja ya mvua, alipokuja kusimama karibu yangu akidai kwamba chini ya nywele zangu ni pakavu. Nililipokea kwa sababu lina ukweli wake. Nywele zangu ni za kipilipili, zilijikunja zenyewe tangu tumboni mwa mama, na zikiachwa huru hupanda juu, zikatanda pande zote, bila kumsumbua mtu ila mimi na chanuo.

Wiki iliyopita ulibandika tangazo kwenye ubao wa wafanyakazi, kwamba wote wanaoonekana na wateja nywele zao ziwe nadhifu na zilale, na kwamba atakayeshindwa atahamishiwa stoo ya fremu, kule nyuma, asikoonekana. Ndugu Meneja, daktari wetu hukaa gizani na tochi. Mlinzi ana kofia. Fundi miwani anaonekana sana, lakini kichwa chake kilishamaliza habari ya nywele zamani. Nikahesabu tena nani amebaki, nikaona tangazo lile ni barua yangu binafsi, nikashukuru kwa kukumbukwa.

Sikubisha. Mtu mzima habishani na ubao. Ni kweli kwamba kando ya tangazo hilo lipo lile lako la zamani linalokataza kulala kazini, lakini nilijua hilo linatuhusu sisi wengine, si nywele.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi yangu, ambaye ni msusi, nikamwambia meneja anataka zilale. Akazikamata, akazibana, akaziachia. Zikarudi juu. Akasema, "Mwanangu, hizi ni za babu yako. Babu yako mwenyewe jeshini walimshindwa, wakampa kofia kubwa zaidi. Sasa huyo meneja anataka zilale saa ngapi?" Nikamjibu, saa za kazi. Shangazi alicheka mpaka chanuo likamponyoka.

Basi nimetii wiki nzima. Na kwa kuwa nimetii, naona nina haki ya kulalamika, maana asiyetii yeye hulalamikiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu nilikuja nimesukwa twende kilioni, ule mtindo wa mistari michache inayokwenda kisogoni, ambao wanawake huusuka haraka wanapopigiwa simu ya msiba. Ndio mtindo uliolala kuliko yote anayoijua shangazi. Mteja wa kwanza, mzee mmoja mstaafu, aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, binti yangu. Alikuwa anaumwa?" Sikutaka kumvunjia heshima, na akilini nilikuwa nalifikiria tangazo lako, nikamjibu, "Hapana, mzee, lilikuja ghafla tu." Kuanzia hapo wateja walikuwa wakiingia kwa kunong'ona. Mlinzi akavua kofia. Mama mmoja aliyekuja kupimwa aliondoka bila kupimwa, akisema si vizuri kuwasumbua watu wakiwa na jambo lao, atarudi tukishamaliza.

2. Jumanne shangazi alinifumua, akaninyoosha kwa kitana cha moto. Sikio langu la kulia bado linakumbuka. Hata hivyo zililala, Ndugu Meneja, zililala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Lakini meza yangu, kama unavyojua, imepakana na birika la chai la wafanyakazi, na nywele zangu na mvuke ni ndugu wa damu. Birika lilipochemka, upande wa kulia ukaamka. Kufikia mchana, aliyekuja kwa mlango wa kushoto alikuta mfanyakazi nadhifu, na aliyetokea kulia alimkuta Mwavuli, na wawili hao walipokutana kwenye benchi walibishana kama mapokezi yana mtu mmoja au wawili. Wewe ulipita kushoto ukasema, "Safi sana, hivyo hivyo." Kisha, kwa ule upendo wako usiobagua, ukaligeukia koti la mlinzi lililotundikwa mlangoni, ukaliuliza habari za nyumbani.

3. Hapa ndipo penyewe. Sina hakika kama unaijua desturi ya fundi miwani, kwa kuwa hufanyika huku chini na ofisi yako iko ghorofani. Ile chati ya herufi ukutani haimsaidii tena. Wateja wetu wa siku nyingi wameikariri. Ukiwaziba macho yote mawili wataisoma mpaka mstari wa mwisho, tena kwa sauti. Kwa hiyo fundi akishamvalisha mteja miwani mpya humgeuzia kiti kwangu, akamwambia, "Mtazame yule dada wa mapokezi. Unaona nini?" Bila miwani mteja husema anaona kichaka, au wingu, na mmoja aliwahi kusema anaona kuku ametamia. Akivaa miwani husema, "Ahaa! Misokoto! Mmoja, mmoja, mmoja!" Hapo fundi huirudisha bisibisi yake mfukoni, maana miwani imekubali. Nywele zangu hakuna awezaye kuzikariri, kwa sababu kila asubuhi huamka na mpango mwingine.

Sasa Jumatano alikuja mwalimu mmoja wa kike, aliyetaka miwani ya kuwaona wanafunzi wanaokaa nyuma kabisa, ambao anasema huwasikia wakitafuna lakini hajawahi kuwaona. Nilikuwa nimelazwa nywele upya, na mafuta juu yake. Fundi akamvalisha, akamgeuza. "Naona kofia nyeusi," mwalimu akasema. Fundi akabadilisha kioo. "Bado kofia." Akabadilisha tena, jasho likimtoka. "Kofia ile ile, imeng'aa zaidi." Mwisho mwalimu akavua miwani akaiweka mezani. "Nyinyi mmeniharibu macho. Mwaka jana nilikaa kiti hiki hiki, nikaona nywele za yule dada moja moja. Yuko wapi yule dada?" Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi wake, nikasema, "Ni mimi, mwalimu." Akanikazia macho. "Wewe? Wewe si yeye. Wewe umevaa kofia." Akaondoka na miwani yake ya zamani, ile iliyofungwa kwa uzi.

Fundi alikuja mezani kwangu akiwa mnyonge. "Mwavuli," akaniambia, "nywele zako zikilala, kazi yangu inalala." Mchana huo alijaribu kupimia ndevu za mlinzi, lakini mlinzi hatulii. Akajaribu kusimamisha ufagio nyuma ya kiti changu. Wateja waliuona vizuri, kila unyasi, isipokuwa kila mmoja alikwenda kuusalimia ufagio kwanza na kunipita mimi. Mmoja aliuachia namba yake ya simu.

4. Alhamisi nilivaa wigi la singa, la kuazima kwa shangazi. Niliinama kuokota fremu, wigi likanasa kwenye droo, mimi nikainuka bila hilo. Mteja aliyekuwa ametiwa dawa ya kupanua mboni akaliona sakafuni, akapiga kelele, "Paka! Shikeni paka!" Mlinzi alifika na rungu. Sitaeleza yaliyofuata. Shangazi amekwishaarifiwa, na anaomba asiazimwe kitu tena na mtu wa familia.

Ndugu Meneja, usinielewe vibaya. Nafahamu kwamba stoo ni mahali pa heshima, na fremu hazina kelele. Lakini naipenda meza hii, na nitakuambia kwa nini. Mwezi uliopita mama mmoja wa makamo alivaa miwani yake ya kwanza maishani. Akanitazama mimi, akacheka. Kisha akageuka akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe na wewe umezeeka! Na mimi nilikuwa najificha!" Wakashikana mikono wakaondoka wakichekana mpaka barabarani. Kule stoo hakuna kitu kama hicho. Fremu isiyo na uso ndani yake ni waya tu. Nikihamishwa hapa nitakuwa nimetolewa mahali ambapo watu huanza kuona, na mimi nikiwa kitu cha kwanza wanachokiona. Hiyo si kazi ya kuachia ufagio.

Kwa sababu hizo nina maombi machache, ambayo naamini utayaona ni ya kawaida:

(a) Nywele zangu zisajiliwe rasmi kama kifaa cha kupimia macho cha kliniki hii, baada ya ile mashine kubwa na kabla ya tochi.

(b) Zikishakuwa kifaa, zipewe haki za kifaa. Mashine kubwa ina kibandiko cha USIGUSE. Na mimi nakihitaji, hasa kwa wale wateja wanaoingiza vidole kabla ya salamu, wakisema wanataka tu kujua kama ni zangu.

(c) Mashine hutengenezwa saa za kazi. Basi kulowesha, kupaka mafuta na kuchambua kwa chanuo kufanyike hapa, asubuhi, na shangazi yangu atambuliwe kama fundi wa matengenezo, apewe kitambulisho na kiti kisicho na magurudumu. Ana uzito wa heshima.

(d) Kifaa cha kliniki hakitoki getini kikibebwa begani na kupanda basi. Kwa hiyo jioni gari la kliniki lizipeleke nywele nyumbani. Mimi nitazisindikiza.

(e) Ikiwa pamoja na hayo yote bado unaona lazima kitu kiende stoo, basi sheria ifuatwe: kinachokwenda stoo ni kifaa. Nywele ziende. Mwenyewe nibaki mezani. Namna ya kututenganisha naiachia ofisi yako, iliyotoa wazo.

(f) Au, kama hayo ni mazito, ushuke siku moja ukae kwenye kiti cha fundi unitazame. Sisemi macho yako yana neno. Nasema tu kwamba kitu kilicho mbali hakihukumiwi na mtu aliyesimama juu ya ngazi, ambaye hata magazeti huyasoma pua ikigusa karatasi.

Nimalizie hapo, nisije nikaonekana mtu wa maneno mengi. Naomba unifikishie salamu kwa mama wa nyumbani kwako na watoto wote; kwa katibu wako wa huko juu, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yako; na ukilipita lile koti mlangoni, nalo lisalimie kama kawaida.

Wako mtiifu kuanzia shingo kwenda chini,
Mwavuli (uliokunjwa kwa muda),
Mapokezi.

Nyongeza: Barua hii imelala mkobani tangu Ijumaa, ikiwa ndicho kitu pekee changu kilichokubali kulala. Leo asubuhi nilichoka nikaziosha. Zikapanda zote. Nikaja nazo hivyo hivyo, nimebeba sweta kwa ajili ya baridi ya stoo, na barua hii mkononi nikupe.

Ukanikuta mapokezi. Kabla hujafungua mdomo, fundi akakuambia kwa utani, "Bosi, kaa basi mara moja, tujaribu kioo." Ukakaa. "Unaona nini pale?" Ukasema, "Wingu. Ndilo hilo wingu ninalolisema siku zote." Akakuvalisha miwani. Ukainuka, ukaja karibu, ukarudi nyuma, ukaja tena. "Kumbe ni misokoto," ukasema. "Jamani, na kila mmoja umejikunja kivyake! Kwa nini hamkuniambia?" Ukaenda mwenyewe ubaoni, ukalibandua tangazo, ukalikunja, ukalitia mfukoni. Tulipiga makofi. Mlinzi alirusha kofia.

Kisha, Ndugu Meneja, ukageuka na miwani ikiwa bado usoni. Ukaona kandambili zangu chini ya meza na miguu ikiwa ndani yake. Ukaona maganda ya karanga kwenye droo ya kadi za wateja. Ukaona bao la drafti la fundi chini ya kitambaa cha kufutia vioo, na kete zangu zikiwa zinashinda. Mwisho ukalitazama lile koti la mlinzi, kwa muda mrefu sana, ukatutazama na sisi, na mlinzi akaokota kofia yake.

Tangu hapo hujaivua miwani, na dirisha lako linatazama meza hii moja kwa moja. Kwa hiyo nayafuta maombi yangu (a) mpaka (f), na badala yake naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, nihamishiwe stoo leo hii. Nywele nitakwenda nazo. Mteja akikaa kwenye kiti, fundi apige mluzi tu, nami nitatoa kichwa mlangoni.