Cherehani Yangu na Kiingereza cha Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Naanza kuandika leo. Daftari ni la vipimo vya wateja, lakini kurasa za nyuma ziko wazi, na mambo makubwa hayasubiri daftari jipya. Mimi shule niliishia pale hesabu zilipoanza kuwa na herufi. Binti yangu ni mwalimu wa Kiingereza! Anafundisha watu wazima kila alasiri, shule ile ng'ambo ya barabara. Tena anafundisha kwa nyimbo, zile zile za redioni na saluni. Wanasikiliza, wanaimba, wanachambua maneno, Kiingereza kinaingia bila kupiga hodi.

Habari mbaya: Ijumaa anakuja Mkaguzi. Asiporidhika, nyimbo basi, na darasa atapewa mwalimu mwenzake, anayekaririsha watu kamusi kuanzia A. Walianza mwaka jana. Wako B.

Mama wa huyo mwalimu ni jirani yangu, tunachangia ukuta. Namwita Mama Kamusi. Leo bombani kasema, kwa sauti ya mtaa mzima, eti mwanawe anafundisha, wangu anatumbuiza. Nikamjibu heri anayetumbuiza kuliko anayelaza watu usingizi. Ndoo yangu ilikuwa haijajaa, nikaondoka nayo vivyo hivyo. Neno likishatua pazuri, mtu huondoka.

Binti ameniomba: Mama, tafadhali, safari hii usinisaidie. Maskini mwanangu. Anaona haya kuomba msaada waziwazi. Nimemwelewa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeanza kusaidia.

Asubuhi nimekuta mezani karatasi ishirini za maneno ya wimbo. Wimbo wa mtu anayemsubiri mpenzi wake kituoni, mvua yote inamwishia yeye. Lo! Maneno mengine hayapo! Kila mstari una pengo, kama kinywa cha marehemu bibi yangu. Nikajua mtoto kachoka, au wino ulimwishia. Mkaguzi akiziona je?

Mbio hadi kwa Kinyozi, mwanafunzi wake anayekaa mbele kabisa. Akanitajia maneno herufi kwa herufi huku akinyoa mteja, mimi nikajaza. Mapengo yote, karatasi zote ishirini, kwa kalamu nyekundu ili ipendeze. Mteja hakulalamika mpaka alipoletewa kioo.

Binti alizitazama sana. Akafumba macho, akahesabu hadi kumi. Kwa Kiingereza! Kisha akanieleza polepole kwamba mapengo ameyaacha kusudi, wimbo upigwe, sikio likamate neno, mkono uliandike. Nikamwambia basi nimewapunguzia kazi. Akahesabu tena, safari hii hadi ishirini. Matamshi safi kabisa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango wa pili. Huu una akili zaidi.

Nimewaita wanafunzi sita waje kupimwa nguo. Nguo hakuna. Ni mazoezi ya siri, ili Ijumaa wimbo uwatoke kama maji.

Mwanzoni walinong'ona tu. Mgumu kuliko wote ni Fundi Bomba, mzee wa watu, mpole. Darasani hajawahi kufungua mdomo. Kumbe ana mjukuu wa miaka minne, kazaliwa ughaibuni, anajua Kiingereza tu. Wakipigiana simu mtoto anacheka, babu anacheka, simu inakatwa. Miaka minne ya kucheka tu. Ndiyo maana anasoma. Akasema darasa likipelekwa kwenye kamusi, atakufa kabla hawajaifikia herufi ya jina la mtoto. Nilijifanya nimechomwa na sindano.

Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga. Taka-taka, taka-taka. Lo! Sauti zikafunguka! Fundi Bomba kaimba mistari yote, macho kafumba. Tumerudia mara kumi na moja. Mguu wangu ukisimama wanasimama, ukienda wanaenda. Nani alisema mimi si mwalimu?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mama Kamusi kaja kupeleleza. Kaleta gauni, eti linambana kiunoni. Nikamwambia pole, futi yangu haifiki. Akasema si ajabu, hata mdomo wangu haujapatiwa futi ya kuupima. Nikacheka kabla sijakumbuka kuwa tumenuniana.

Gauni nimempanulia. Jirani ni jirani. Siri sikutoa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nilikatazwa kwenda darasani. Nikaenda dirishani. Dirisha si darasa. Dirisha la pili nikamkuta Mama Kamusi. Hatukusalimiana.

Mkaguzi ana faili nene na uso kama shati lililokosa pasi. Akaagiza redio izimwe, waimbe wenyewe, akisikie Kiingereza chao. Wote wakawatazama sita wangu, na sita wangu wakatazama chini ya madawati. Miguu inatafuta kitu. Fundi Bomba anakanyaga hewa! Nikaelewa papo hapo. Nimewafundisha vizuri kupita kiasi. Bila cherehani hawawezi kuanza!

Nikakimbia nyumbani. Cherehani yangu ina miguu ya chuma, uzito wa ndama. Nikaiburuta hadi mlangoni, ikakwama. Mara nikahisi mtu kashika upande wa pili. Mama Kamusi! Akasema nisimtazame hivyo, hanisaidii mimi, ila yule mtoto amemwona tangu anatambaa, hawezi kukaa tu akimwona anaaibika mbele ya mtu mwenye faili. Tukavuka barabara nayo. Magari yalisimama yenyewe.

Kumbe tulipofika binti alikwishaokoa jahazi. Aliona miguu yao, akachukua kifutio, akagonga meza mapigo yale yale. Kakulia chini ya cherehani ile, angekosaje kuyajua? Wakaimba vizuri. Sasa Mkaguzi alikuwa anamuuliza Fundi Bomba nyimbo zimemfaa nini, na Fundi Bomba alikuwa amesimama, Kiingereza kipo ulimini, anavuta pumzi.

Mimi ningejuaje? Niliona mdomo wazi na sauti haipo. Nikakanyaga.

Darasa zima likaanza upya! Beti zote nne. Mkaguzi akainua mkono. Binti akanipigia kelele kitu kwa Kiingereza, nikajua ananitia moyo. Nikaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Ubeti wa tatu mtu kituoni alikuwa anasubiri mbio mbio.

Mwishowe Mama Kamusi akanikamata goti. Mguu ukasimama, wimbo nao. Fundi Bomba, bado amesimama, akajibu. Taratibu, neno moja moja, bila mapigo ya mtu yeyote. Kinyozi alinitafsiria baadaye. Kasema: nina mjukuu, yuko mbali, na sasa naweza kumwambia kwamba namsubiri, hata mvua ikinyesha.

Maneno ni ya wimbo. Lakini kayapanga mwenyewe.

Mkaguzi akafuta miwani. Akaandika sana. Binti alikuwa amewapa wanafunzi mgongo, anafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Mama Kamusi akanipa ncha ya kanga yake. Nikamrudishia ikiwa imelowa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ripoti imetoka. Darasa linaendelea, nyimbo ruhusa, mwalimu kasifiwa mistari mitatu! Mwishoni kuna sharti: cherehani zisiingizwe darasani. Yaani na mimi nimeandikwa! Nimeomba nakala, nimeibandika ukutani juu ya mikasi.

Fundi Bomba alipiga simu yake akiwa hapa kwangu. Akamwambia mjukuu mistari yake miwili. Mtoto akamwaga Kiingereza kama mvua. Babu hakushika hata neno moja, akamjibu kwa ubeti wa tatu wote. Mtoto akauimba pamoja naye. Simu haikukatwa mpaka chaji ilipokwisha.

Binti amenikumbatia. Kasema ananipenda, na niape sitamsaidia tena. Nimeapa, mkono juu.

Jioni Mama Kamusi kaja, anaongea chini chini, jambo ambalo sikujua analiweza. Mkaguzi yule yule anakuja kwa mwanawe Jumatano, na wanafunzi wanasinzia kwenye B.

Nimeisoma tena ripoti, kidole mstari kwa mstari. Imekataza cherehani. Kinu hakikutajwa popote. Na kiapo changu ni cha mtoto wangu, cha mtoto wa jirani sikuapa.

Nimemwambia aniletee sita, kesho saa nne, waje kupimwa nguo. Kinu aje nacho yeye. Mchi ninao.