Mkono Uliowahi Kuliko Mpira

Alhamisi, 12 Septemba
Mimi, Darrell Kubala, mwamuzi mwenye macho makali kuliko wote Texas, nimeonewa! Mechi ya futiboli ya Kimarekani, timu za wadogo. Mrushaji katupa mpira pembeni, ukaanguka. Nikajua ni pasi ya mbele, na hiyo ikianguka mchezo umekufa. Nikapuliza kipenga, fiii! Kumbe ilikwenda nyuma, na pasi ya nyuma ikianguka ni ya atakayeiokota. Dogo keshaiokota, anakimbilia kufunga, na kipenga changu kimeshaua mchezo! Mzee Hrncir, mkuu wetu, kauliza kama kipenga nilipewa au nilikiokota. Tadlock, mwamuzi mwenzangu, kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nafasi ya mechi za wakubwa, za Ijumaa, ni moja tu: yeye au mimi. Mzee anaamua wiki ijayo.

Jumamosi, 14 Septemba
Mazoezi malishoni. Mdogo wangu Lyle anarusha, mimi nasimama kwenye mstari. Pasi ikienda nyuma, natupa ngumi kuelekea nyuma; ndiyo ishara yetu waamuzi. Pasi thelathini, nimepatia kumi na nne. Lyle kasema hata ng'ombe angepata kumi na tano. Nimemnyima kolachi, vile vimkate vitamu vya matunda. Zote nimekula mimi.

Jumanne, 17 Septemba
Akili hii! Kwa nini nihangaishe macho wakati naweza kujua mapema? Nimemnunulia Travis Vrana, mrushaji wa timu yetu ya wadogo, milkisheki mbili. Katoboa siri: akigusa helmeti mara mbili, pasi ni ya nyuma. Tadlock, kwisha habari yako.

Alhamisi, 19 Septemba
Robo ya mwisho, sare. Travis kagusa helmeti. Mara mbili! Ngumi yangu ikafyatuka kuelekea nyuma, mpira bado uko mkononi mwake. Beki wa wageni akanitazama. Akatazama ngumi. Akakimbilia kulekule, akaudaka mpira hewani, akaenda kufunga. Mechi ikaisha. Kocha wa wageni kanipigia saluti. Kocha wetu kauliza mimi ni mwamuzi au mganga wa nyota.

Ijumaa, 20 Septemba
Uwanja umefurika. Tadlock ndani ya shati la mistari, kifua mbele. Mimi pembeni, nashika mnyororo wa kupimia yadi. Mzee Hrncir kasema, bwana mdogo, ukiinua mkono hata kujikuna sikio, nakufunga na huo mnyororo. Wivu tu! Pasi si ilikwenda nyuma? Nani mwingine Texas nzima amewahi kuwa sahihi kabla mpira haujarushwa? Kosa ni la ngumi, ilionekana mno. Nikirudishiwa kipenga, nitatumia kidole gumba. Travis hapokei simu zangu. Ila nasikia mrushaji wa timu ijayo anapenda milkisheki ya stroberi.