Mjane, Mbuzi na Sura ya Tatu

Jumanne, 3 Juni

Nimeapa! Kuanzia leo siandiki tena risala za mazishi za watu wengine. Mimi ni mtunzi wa riwaya. Miaka tisa, sura nne. Jumatatu naipeleka sura ya tatu, iliyo bora kuliko zote, kwa Bwana Gyimah mchapishaji.

Saa nne hivi akaja Mama Dufie, mjane wa Mzee Nyarko muuza saruji. Mazishi Jumamosi. Anataka risala ya mjane ya kusoma mbele ya jeneza, ichapwe na kwenye kijitabu cha mazishi wanachogawiwa waombolezaji, jina lake chini. Nikamwambia nimeacha, sanaa haiuzwi. Akatoa bahasha. Serwaa, mke wangu, akauliza kutoka jikoni kama hiyo sanaa aikaange au aichemshe. Nikapokea bahasha. Mama Dufie akaniapisha kwa Biblia nisimwambie mtu, maana Kumasi nzima ingemcheka mjane aliyeandikiwa majonzi yake.

Alhamisi, 5 Juni

Hata neno moja sina. Nilimuuliza mjane marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akafikiri weee, mwisho akasema alikuwa na ndevu. Na nini tena? Alikuwa anakula vizuri.

Mpiga chapa anataka kazi adhuhuri. Nikafungua sura ya tatu, pale shujaa wangu anapomlilia mbuzi wake. Nikainakili kwenye karatasi nyingine, kila penye "mbuzi wangu" nikaweka "mume wangu". Ndevu nikaziacha zilivyo. Sasa hapa nimeiuza sanaa au nimeipeleka kwa wasomaji? Sielewi. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 7 Juni

Uwanja mzima nguo za msiba, nyeusi na nyekundu. Mama Dufie akafika pale pa "Nani sasa atanigongea mlango alfajiri kwa paji lake la uso?" Vilio! Mawifi waliokuwa hawamsemeshi wakamkumbatia. Bwana Gyimah, safu ya pili, analia hadi kamasi. Kwa maneno YANGU!

Nikataka kusimama nijitaje. Serwaa akanikanyaga mguu. Nikalia na mimi, kwa wivu mtupu. Watu wakaja kunipa pole, eti hawakujua kama nilimpenda marehemu kiasi hicho.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa! Bwana Gyimah alianza kusoma sura ya tatu huku anatabasamu. Mara tabasamu likakatika. Akavuta droo, akatoa kijitabu cha mazishi. Amekipigia mistari kwa kalamu nyekundu! Akaniuliza kama nina haya hata kidogo. Kumwibia mjane, kaburi lenyewe bado bichi? Halafu akashika kichwa: "Na marehemu umemfanya mbuzi! Bwana mdogo, mzee wa watu umemfanya mbuzi!"

Nikafungua mdomo. Nikaikumbuka Biblia. Nikaufunga. Akaniambia nisikanyage tena ofisini kwake.

Hivi mtu anaweza kujiibia? Kama mwizi ni mimi na mwenye mali ni mimi, nani amwombe nani radhi? Miaka tisa jamani! Leo nimelia kweli, na hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Serwaa aliniletea kenkey, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga bila kunisema. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano, 11 Juni

Mama Dufie amerudi, amenawiri kwa sifa. Bwana Gyimah anataka aandike kitabu kizima cha ndoa zake mbili! Na huyu mama hata barua ya kanisani anaandikiwa na binti yake. Akanibembeleza: mwanangu, nisaidie, siri ile ile.

Nikasimama. Nikamwambia hapana, nimechafuka jina kwa ajili yake, na mimi nina heshima yangu! Akatoa bahasha, nene kuliko ile ya kwanza. Nikakaa.

Lakini safari hii nimeerevuka. Sura ya tatu siigusi, ina nuksi. Nitatumia ya nne, pale shujaa anapomzika punda wake. Itamfaa sana yule mume wa kwanza, maana nasikia alikuwa mbishi. Ni nzuri mno, ningeona uchungu ikikaa kabatini. Ndiyo maana asubuhi hii nakala nyingine nimeituma Accra, kwa mchapishaji mwingine kabisa, jina langu juu kwa herufi kubwa.

Nani atajua?